Sungura wa Nane Nane Huandaliwa Kuanzia Novemba

Hotuba kwa wafugaji wapya wa sungura, Morogoro

Ndugu Afisa Mifugo wa kata, wazee wetu, akina mama, vijana, na wanafunzi mliokuja na walimu wenu: shikamooni nyote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuanza kufuga sungura, kuwazalisha, kuwajengea, na hatimaye kuwapeleka kwenye maonyesho. Wengi wenu mmeniambia pale mlangoni kwamba nia yenu ni kusimama na sungura wenu katika viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere wakati wa Nane Nane ijayo, na baadhi mkauliza kwa nini basi tunakutana sasa, mwezi wa Novemba, ilhali Agosti bado iko mbali. Jibu la swali hilo ndilo litakalobeba mazungumzo yangu yote, kwa hiyo naomba tuanze kwa kuhesabu pamoja.

Maonyesho hufunguliwa tarehe 1 Agosti na kufikia kilele chake tarehe 8. Sungura tunayetaka aonekane amekomaa umbo, amemaliza kubadilisha manyoya ya utotoni na amejaa mgongo na mapaja, hana budi kuwa na umri wa miezi 6 au zaidi. Mimba ya sungura huchukua siku 31 kwa kawaida. Ukimpandisha jike tarehe 20 Desemba, atazaa karibu na tarehe 20 Januari. Watoto wakinyonya kwa wiki 6, utawaachisha mwanzoni mwa Machi. Na ifikapo tarehe 1 Agosti watakuwa na miezi 6 na siku kama 12. Hesabu inakubali. Lakini tazameni inavyoangukia katika majira yetu. Kupandisha kunaangukia Desemba, wakati joto la Morogoro limekwisha kupanda. Kuzaa na kunyonyesha kunaangukia Januari na Februari, wakati huku bondeni hata usiku hautoi nafuu. Na kuachisha kunyonya, ambao ndio wakati wa hatari kuliko wote katika maisha ya sungura, kunaangukia mlangoni mwa masika. Ndiyo kusema kwamba sungura atakayetazamwa Agosti, katika ukavu na ubaridi wa kipupwe, ni yule aliyepita kwanza kwenye joto na kisha kwenye unyevu. Kinachomvusha kote huko ni banda, na banda ndilo la kujenga mwezi huu, kabla hamjamnunua hata sungura mmoja.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nililifanya kinyume. Nilinunua sungura kwanza, nikawaweka katika boksi la mbao kwa muda, kisha nikawajengea kibanda cha haraka chenye bati lililokuwa chini kiasi cha kuguswa kwa mkono. Mchana mmoja wa Februari nilirudi kutoka shambani nikakuta majike mawili yamelala ubavu, midomo wazi, masikio yamewaka moto. Mmoja alikuwa na mimba ya wiki 3. Hakuna aliyeishi hadi jioni. Tangu siku ile kila anayeniomba sungura wa kuanzia humwuliza kwanza kama banda limekwisha, na kama ni karibu, huenda kuliona.

Hapa niingize neno moja juu ya mnyama mwenyewe, kwa maana nimegundua kwamba hadithi tulizolelewa nazo zinatupoteza kidogo. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewashinda fisi na simba, ni wa porini. Yule hachimbi shimo. Huzalia juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, tayari kujificha wenyewe. Huyu tunayemfuga ni mnyama wa jamii nyingine, ambaye mababu zake walitoka katika nchi za Hispania na Ureno, wakaishi ndani ya mashimo yaliyopoa, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu na wasiojiweza. Tukilielewa hilo, mengi ya banda yanajieleza yenyewe. Mnyama wa shimoni anataka kivuli, utulivu, hewa isiyochemka na mahali pa giza pa kuzalia. Hatoki jasho kama sisi; joto lake analitoa kwa masikio na kwa kuhema. Anakuwa na raha kwenye nyuzi joto 15 hadi 21 hivi, na zikipita 30 huanza kuteseka.

Basi tulijenge banda. Chagueni mahali pa mwinuko kidogo, pasipotuama maji, chini ya kivuli cha mti kama upo. Mwembe ni mzuri, kwa kuwa haupukutishi majani wakati wa jua kali. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi tu za banda. Paa la makuti au nyasi hupoa kuliko bati. Mwenye bati aliinue juu sana, aache nafasi ya hewa chini yake, na akiweza atandaze nyasi juu yake au aweke dari ya mikeka. Kuta za pande ndefu ziachwe wazi nusu ya juu, zizibwe kwa wavu, na ziwe na mapazia ya turubai au viroba vilivyoshonwa, yanayoteremshwa mvua ya upepo inapokuja na kupandishwa inapokatika. Nimeona wafugaji wakiyateremsha Machi na kuyaacha hivyo hadi Juni kwa hofu ya baridi. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu baridi yetu haiui sungura mzima aliye mkavu, lakini hewa iliyofungwa pamoja na mkojo hutoa ukali wa amonia unaochoma pua na mapafu, kisha mafua ya sungura yanaingia, na mafua hayo yakishaingia bandani ni vigumu mno kuyatoa. Kipimo changu ni rahisi: ninapiga magoti hadi pua yangu ilingane na pua ya sungura. Nikisikia ukali machoni, najua anaishi ndani yake mchana na usiku.

Ndani ya banda, kila sungura mkubwa awe na kizimba chake. Jike wa aina ya kati atosheke na urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 45 hadi 50. Wale wakubwa sana waongezewe. Sakafu ya kizimba iwe kimo cha mita 1 hivi kutoka chini, ili kinyesi kidondoke na ninyi mfanye kazi bila kuinama. Sakafu yenyewe ndiyo inayowaponza wengi. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita haufai kabisa, maana waya wake ni mwembamba, unalegea na kukata nyayo, na vidonda vya nyayo za nyuma vikishafunguka sungura hali vizuri, hapandi, na hafai tena kwa maonyesho yoyote. Tumieni wavu mgumu wenye matundu ya sentimita 1.25 kwa 2.5, au ule wa matundu madogo unaotumika kuanikia kahawa, kisha wekeni pembeni ubao laini ambapo sungura atapumzisha miguu. Wanaotoka milimani Uluguru wana mianzi. Vipande vya mianzi vilivyolainishwa na kuachiwa nafasi ya sentimita moja na nusu vinafaa, mradi visuguliwe na kukaushwa juani kila wiki, kwa sababu hushika kinyesi kwenye vifundo.

Halafu kuna siafu. Wale wa mjini mnacheka, lakini walioamka alfajiri na kukuta kiota chenye watoto 8 kimebaki mifupa hawacheki. Miguu ya vizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, na kizimba kisiguse ukuta wala tawi. Paka, panya, nyoka na kenge nao wanakijua kiota kuliko mnavyodhani. Kwa ajili yao wavu wa kuta uwe wa matundu madogo hadi chini.

Sasa sungura wenyewe. Nawaomba mwanze na majike 2 au 3 na dume 1, wasio ndugu. Dume mmoja hutosha kwa majike hadi 10, hivyo hamna sababu ya kununua madume mengi. Aina mtakazozikuta kwetu ni chache, na nyingi zimechanganyika. Yule mweupe mwenye macho mekundu anaitwa New Zealand White, ingawa alitengenezwa na wafugaji wa California, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni mlezi mzuri, hukua upesi, na mtoto wake aliyelishwa vyema hufikisha kilo 2 akiwa na wiki 10 hadi 12. Wa pili ni Californian, aliyetokea huko huko katika miaka ya 1920, mweupe mwenye weusi puani, masikioni, miguuni na mkiani. Weusi huo una jambo la kuvutia linalotuhusu sisi watu wa joto: rangi yake hujijenga pale ambapo ngozi imepoa, na katika nchi ya joto hufifia na kuwa kahawia. Kwa hiyo Californian aliyekulia bondeni asidharauliwe kuwa si halisi kwa sababu tu pua yake si nyeusi kama makaa. Mpelekeni mwaka mzima mahali pa baridi mwone inavyokolea. Wa tatu ni Flemish Giant, jitu kutoka Ubelgiji, ambalo watu hulipenda kwa ukubwa. Mimi simshauri mtu anayeanza. Anakula sana, anachelewa kukomaa, uzito wake unaumiza nyayo zake, na joto linamwelemea upesi.

Mnapokwenda kununua, msinunue kwa picha ya simu wala kwa ahadi. Miaka ya karibuni wako watu wengi, hapa na kwa majirani zetu, waliouziwa sungura kwa bei ya juu mno wakiahidiwa kwamba watoto wote, na hata mkojo, watanunuliwa kwa mkataba. Nami niliwahi kutia saini karatasi ya namna hiyo, na siku ya kuuza ilipofika simu haikupokelewa. Mnunueni sungura kwa thamani ya sungura mwenyewe. Mshikeni mkononi. Inueni mdomo wa juu mwone meno ya mbele: ya juu yafunike ya chini kidogo. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yasipokutana hayasagani, yakarefuka hadi mnyama akashindwa kula. Kasoro hiyo kwa kawaida ni ya kurithi, na mwenye nayo asizalishwe. Tazameni ndani ya masikio kama kuna magamba ya ukurutu, tazameni sehemu ya ndani ya miguu ya mbele kama manyoya yamegandamana, maana mwenye mafua hufuta pua kwa miguu hiyo. Geuzeni nyayo. Ulizeni tarehe ya kuzaliwa, mama ni nani na baba ni nani. Muuzaji asiye na daftari mwacheni na sungura wake, hata kama ni wazuri wa kutazama.

Sungura wapya wakae mbali na wengine kwa wiki 2, kisha ndipo tupandishe. Jike wa aina ya kati hupandishwa akiwa na miezi 5 hadi 6, dume akiwa na 6 hadi 7. Wakati wote jike ndiye apelekwe kwa dume, kamwe si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda kizimba chake na anaweza kumjeruhi dume vibaya. Kwa kuwa tutakuwa Desemba, kazi hii ifanyike alfajiri, kabla ya jua kuchomoza. Dume akifanikiwa hujiangusha ubavu au nyuma, mara nyingi kwa mlio mfupi. Subirini tendo hilo mlione kwa macho yenu, msimwache jike humo usiku kucha kwa matumaini. Jike wa sungura hana siku maalumu za kutaka dume za kuhesabu kama ng'ombe. Yai lake huachiliwa baada ya kupandwa, saa 10 hivi baadaye, na ndiyo sababu wafugaji wengine humrudisha kwa dume mara ya pili baada ya saa chache.

Hapa joto linarudi tena kwenye hesabu yetu. Dume aliyekaa katika joto lililozidi nyuzi 30 kwa siku nyingi mfululizo huendelea kupanda kama kawaida, lakini mbegu zake zinakuwa dhaifu, na huchukua wiki kadhaa, pengine miezi 2, kurudi katika hali yake. Wafugaji wengi hulaumu majike Januari, huyauza sokoni kuwa ni tasa, kumbe tatizo liko kwa dume aliyewekwa kizimba cha juu karibu na bati. Dume apewe sehemu iliyopoa kuliko zote bandani, na aanze kukaa hapo Novemba hii. Siku za joto kali mwekeeni chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa vizuri na kuvikwa kitambaa, atailalia mwenyewe.

Kati ya siku ya 12 na ya 14, yaani mwanzoni mwa Januari, jike apapaswe tumbo kwa vidole laini, karibu na nyonga. Mimba husikika kama mtungo wa zabibu zinazoteleza. Kinyesi husikika kigumu na hukaa juu zaidi, karibu na uti wa mgongo. Nitawaonyesha baadaye, maana maneno hayatoshi. Siku ya 28 wekeni sanduku la kuzalia, lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30, upande mmoja ukiwa umekatwa chini ili mama aingie bila kuruka juu ya watoto. Ndani tandikeni nyasi kavu laini au maranda ya mbao. Mama mwenyewe atang'oa manyoya ya kifuani na kuyaongeza. Katika joto la Januari sanduku liwe na matundu chini, na manyoya yakizidi hadi watoto wanatota jasho la mvuke, yapunguzeni, myahifadhi kwa ajili ya usiku.

Akishazaa, muacheni atulie, kisha siku hiyo hiyo hesabuni watoto, ondoeni waliokufa. Wafugaji wapya hunipigia simu kwa hofu kwamba mama amewakataa watoto kwa kuwa hakai nao. Hajawakataa. Mama wa sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika chache, kisha huondoka. Ndivyo babu zake walivyoficha mashimo yao dhidi ya wanyama wakali. Angalieni matumbo ya watoto asubuhi: yakiwa yamevimba kama ngoma ndogo, yote ni salama. Majike wengi wana chuchu 8, hivyo mwenye watoto 11 agawiwe mzigo na mwenziwe aliyezaa siku moja naye, na hapo mnaona faida ya kupandisha majike mawili pamoja. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 12. Baada ya wiki 3 watoto huanza kutoka na kuonja chakula, na mama kwa wakati huo, pamoja na watoto wake, anaweza kunywa lita nzima ya maji kwa siku na zaidi. Chupa ya nusu lita iliyojazwa asubuhi haimfikishi jioni, na maziwa hukatika kwa kiu kabla hayajakatika kwa njaa.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi kwa sababu afisa wetu atakizungumzia mchana. Tumbo la sungura linategemea nyuzinyuzi. Nyasi kavu ziwepo wakati wote. Ukoka, matembele na majani ya mlonge yakatwe mapema, yanyaushwe kivulini nusu siku, yasitolewe yakiwa na umande wala yakiwa yamechacha. Peleti, yaani chakula kilichogandamizwa kuwa vipunje, au mchanganyiko wenu wa pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo uwe na protini ya asilimia 16 hadi 18, gramu 100 hadi 150 kwa mkubwa, na mama anayenyonyesha apewe kadiri anavyomaliza. Pumba yenye ukungu itupwe yote, usiichambue. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi yasikaribie bandani. Mkiwaona usiku wakila kinyesi laini moja kwa moja kutoka mkunduni msistuke, maana hivyo ndivyo wanavyopata lishe ambayo tumbo halikuimaliza mara ya kwanza.

Tumefika Machi, na hapa naomba umakini wenu. Mtoto anaachishwa kunyonya, kinga ya maziwa imekwisha, mvua zimeanza, majani yamekuwa mabichi na laini kuliko kawaida, na sakafu haikauki. Vijidudu vya koksidiosisi, ambavyo hutoka na kinyesi cha wakubwa wanaoonekana wazima, huiva katika unyevu na kuingia tumboni mwa mtoto kwa mdomo. Anaanza kukonda, tumbo linavimba, anaharisha, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Kizimba kizima kinaweza kwisha kwa wiki moja. Dawa zipo, na afisa mifugo atawaelekeza zipi na kwa kipimo gani, lakini dawa haishindani na sakafu yenye maji. Wiki mbili kabla ya kuachisha, kizimba cha kuwahamishia kioshwe, kisuguliwe, kichomwe kwa moto wa bomba au kianikwe juani siku mbili, ili watoto waingie mahali pakavu. Mama ndiye aondolewe kwanza, watoto wabaki wanapopafahamu siku kadhaa, na chakula kisibadilishwe wakati huo huo. Ukifanya mabadiliko matatu kwa siku moja, mtoto wa wiki 6 hayavumilii.

Wakifika miezi 3, yaani mwishoni mwa Aprili, tenganisheni madume na majike. Wapeni namba. Marekani, ambako chama cha wafugaji wa sungura kilianzishwa mwaka 1910, namba huchorwa ndani ya sikio la kushoto. Uingereza huvalishwa pete mguuni. Mkikosa koleo la kuchoria, kadi juu ya kila kizimba itatosha kwa kuanzia, mradi sungura na kadi yake wasiachane. Andikeni uzito kila wiki. Nawasihi wanafunzi mchukue kazi hii, maana mna subira ya daftari kuliko sisi. Daftari ndilo litakalowaambia Juni ni yupi wa kwenda maonyeshoni, wakati macho yatavutwa na yule mwenye sura nzuri.

Katika maonyesho yetu mengi sungura hukaa vizimbani na wageni hupita wakitazama. Kwa jirani zetu Kenya, ambako chama cha maonyesho ya kilimo kina historia tangu 1901, mifugo hupangwa kwa madaraja na kuamuliwa. Natamani nasi tufike huko kwa sungura, na njia ya kufika ni kujiandaa kana kwamba mwamuzi yupo tayari. Mwamuzi wa sungura humweka mezani juu ya zulia au gunia, asiteleze. Humpanga: miguu ya mbele chini ya macho, ya nyuma ikae chini ya nyonga. Kisha hutazama mstari wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani. Kwa sungura wa nyama mstari huo upande taratibu, uwe juu kabisa usawa wa nyonga, ushuke kwa mviringo bila kona. Hupitisha kiganja begani, mbavuni, kiunoni. Kiuno kiwe kipana na kigumu, mkono usisikie mfupa uliochongoka. Hupuliza manyoya, huyasugua kinyume aone yanavyorudi. Na kabla ya yote hayo huwa amemgeuza chali akakagua meno, macho, masikio, kucha, nyayo na sehemu za siri, kwa sababu meno yaliyopishana, ukurutu, jipu, ukucha uliokosekana au dume lisiloshuka korodani zote mbili humwondoa sungura mashindanoni, hata akiwa na mgongo mzuri namna gani.

Sungura asiyezoea mikono hawezi kukaguliwa hivyo. Kwa hiyo tangu wiki ya 8 wafundisheni kwa dakika 5 kila jioni, juu ya meza ile ile, kwa mtu zaidi ya mmoja. Kamwe msimwinue kwa masikio, jambo ambalo bado naliona sokoni na linaniumiza. Shikeni ngozi ya mabegani kwa mkono mmoja na mwingine ubebe makalio. Mgongo wa sungura ni mwepesi na mateke yake ni mazito, na akipiga teke hewani bila kushikiliwa nyuma anaweza kujivunja uti. Mwezi wa mwisho lowesheni viganja na kumpapasa kutoka kichwani hadi mkiani ili manyoya mafu yatoke. Msimwogeshe. Doa la mkojo kwenye mweupe linyunyizieni unga laini wa wanga, uache ukauke, kisha piga brashi. Kucha zikatwe ncha, mbali na mshipa unaoonekana kwa wekundu wake.

Safari ya kwenda viwanjani iwe alfajiri, kila sungura na chumba chake ndani ya kreti. Siku nane za kelele na vumbi ni nyingi kwa mnyama wa shimoni, kwa hiyo pelekeni kwa zamu: wanaokaa siku mbili warudi, wengine waje. Mama mwenye watoto wa chini ya wiki 3 abaki nyumbani. Mtu awepo kizimbani wakati wote, maana watoto wa wageni, kwa mapenzi tu, watawapa mandazi, karanga na chipsi, na mkiwapa nafasi ya kuelezwa kwa upole watawapa ukoka mliouandaa pembeni. Mwulizeni kila mfugaji mwenzenu anayesimama hapo ameona nini kwenye sungura wenu. Mimi nilifuga miaka 3 bila kujua kwamba madume yangu yote yalikuwa na mabega membamba, kwa kuwa sikuwa na wa kuwalinganisha naye. Mzee mmoja aliweka kiganja chake begani mwa dume langu, akanyamaza, akaniletea lake nilishike, na nikaelewa mara moja.

Wakirudi, wakae wiki 2 mbali na wenzao, na nguo mlizovaa kiwanjani zifuliwe kabla hamjaingia bandani.

Kabla ya maswali, naomba vijana wawili waisogeze ile meza hapa kivulini na kutandika gunia juu yake. Nimekuja na majike wawili, mmoja ana mimba ya siku 13 na mwingine hana. Mtanawa mikono pale kwenye ndoo, mtapita mmoja mmoja, mtapapasa wote wawili, kisha kila mtu ataandika kwenye karatasi yake ni yupi mwenye mimba bila kumwambia jirani. Aanze yule mama aliyekaa nyuma, aliyeniambia kwamba hajawahi kumshika sungura.